Msomaji Asiyelia

Wanawake walikuwa wanalia. Kilio kilianzia mstari wa mbele, walipokaa wakongwe kwenye viti vya plastiki kwa sababu ya magoti yao, kikatambaa juu ya mikeka hadi ukutani, na sasa ukumbi mzima ulikuwa umelowa. Fizza alisimama mbele yao katika nguo nyeusi, akisoma maombolezo ya mtoto mchanga wa Karbala, yule aliyepigwa mshale mikononi mwa baba yake alipokuwa akiombewa maji. Alipofika kwenye mshale akainua ncha ya mtandio kufuta mashavu, kama alivyofanya miaka yote. Mtandio ulirudi mkavu. Akajipapasa tena, safari hii kwa kiganja. Shavu lilikuwa kavu kama sahani iliyoanikwa juani.

Hakukatiza. Sauti yake ilijua njia, nayo ikaendelea kupanda na kushuka pale ilipozoea kupanda na kushuka. Lakini ndani yake alikuwa amesimama mtu mwingine aliyejishika kiuno na kumtazama, akimuuliza: we Fizza, umekuja kufanya nini hapa?

Kila unapoandama mwezi wa Muharamu, Mashia wa upande ule wa Temeke, Wahindi na Waswahili kwa pamoja, hukusanyika katika imambara, ukumbi mdogo wa maombolezo ulio nyuma ya maduka ya mbao, kumwombolezea Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa pamoja na jamaa zake katika jangwa la Karbala. Kwao kulia ni ibada, na anayewaliza watu ana daraja yake. Fizza alikuwa na daraja hiyo tangu alipoletwa pale bi harusi kutoka Lindi. Alikuja na maombolezo ya nyanya yake, yaliyotungwa kwa Kiswahili kilichonyooka, na alikuja na machozi. Alikuwa akifungua kinywa, chozi linatangulia, na wenzake hufuata kama mchwa waliosikia mvua. Mama mkwe wake, Kulsumbai, hukaa kiti cha mbele na kumnong'oneza jirani, hata kama jirani mwenyewe anajua: "Mkwe wangu huyo."

Majlisi ilipokwisha, Bi Kubra, msimamizi wa wanawake, alimshika mkono karibu na rafu ya viatu.

"Umesoma vizuri," alisema. "Ila mwaka huu umesoma kwa koo, Fizza. Zamani ulikuwa unasoma kwa maini."

Kulsumbai alikuwa ameinama akitafuta ndara zake, na alisikia.

Machozi hayo yaliyomkimbia sasa, mwaka uliotangulia yalikuwa yamemfurika. Yalimjia akiosha vyombo, akichagua mchele, akisubiri simu ya mwanawe. Hakukuwa na msiba, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi. Mumewe, Kumail, alikuwa mtu mpole, muuza rangi na misumari katika duka lililokuwa chini ya nyumba yao. Mwana wao wa pekee, Shamsuddin, alikuwa shule ya bweni huko Pugu, mzima wa afya, na alama zake zilikuwa nzuri. Fizza alipekua maisha yake kama mtu apekuaye mfuko akitafuta tundu, asilione, na bado kila alichotia kilivuja. Usingizi ukamhama. Chakula kikawa na ladha ya karatasi. Mwishowe hata machozi yalichoka, akawa analala mchana kutwa akitazama feni, akiwasikia watu wa nyumbani mwake kama wanaongea nyumba ya pili.

Kulsumbai alifanya aliyoyajua. Alisoma dua juu ya maji ya zafarani, akafukiza vyumba, akamzungushia pilipili na chumvi kichwani kuondoa jicho la hasidi. Pilipili zilipotupwa motoni zilikohoza nyumba nzima, ila Fizza hakukohoa. Kumail, ambaye hakuwa mtu wa dua nyingi, aliketi ukingoni mwa kitanda jioni ile.

"Mie nauza rangi tu, Fizza," alisema. "Lakini nimeona kuta nyingi. Ukuta ukiloa kwa ndani, paka rangi mara ngapi utakavyo, doa linarudi. Twende kwa daktari."

Daktari mwenyewe, Leodegar, alikuwa mtu wa Masasi mwenye sauti ya taratibu, akitibu katika hospitali moja ya Kinondoni. Alimsikiliza Fizza pasipo kutazama saa. Kisha akamwambia kwamba ugonjwa wake una jina.

"Unaitwa sonona."

Fizza alishtuka. Neno lile hakulidhania la hospitali. Nyanya yake wa Lindi alilitumia kwa mtu anayeungua moyoni pasipo moshi kuonekana.

"Utameza kidonge kimoja kila asubuhi," Leodegar aliendelea. "Hakitakupa furaha, usikingojee hivyo. Siku za mwanzo kitakusumbua tumbo, utaniona mwongo. Kisha siku moja utajikuta umefanya jambo dogo ambalo hukujilazimisha. Hapo utajua kimeanza kazi. Na usikiache ghafla, hata ukijiona mzima. Ni kama dawa ya sukari, au ya presha."

Fizza aliitikia kwa kichwa, ila moyoni alipinga. Sukari haikai moyoni, chumba kimoja na sala.

Ikawa kama daktari alivyosema. Tumbo lilimchafuka, kinywa kikamkauka, na alimwona mwongo. Halafu asubuhi moja alijikuta sokoni akigombana na muuza nyanya aliyemchanganyia zilizooza chini ya fungu. Sauti ilikuwa imempanda, mkono u kiunoni, na katikati ya ugomvi akanyamaza, maana alitambua kwamba ilikuwa ni miezi mingi hajali nyanya iwe nzima au mbovu. Alirudi nyumbani na nyanya zake akiwa na hamu ya kupika. Kumail alikula akaongeza, akaenda kusimama dirishani muda mrefu akiwa amempa mgongo.

Kwa hiyo, Muharamu ilipoingia, Fizza aliingia nayo akiwa mzima. Hakujua kwamba kile kilichozuia mafuriko kilikuwa kimefunga na bomba.

Asubuhi iliyofuata maneno ya Bi Kubra, alikishika kidonge kiganjani. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko punje ya hindi. Alijiambia kwamba amepona, na mtu aliyepona hali dawa. Alijiambia pia jambo la pili, na hilo ndilo lililokuwa na nguvu: kwamba haifai mtu kusimama mbele ya wanawake wenye misiba yao, wafiwa na wajane, akawaliza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe halimgusi. Huko si kusoma, ni kuuza. Akakirudisha kidonge ndani ya kopo. Kumail alipouliza kutoka bafuni kama amemeza, alijibu kwamba amemeza. Ulikuwa uongo wa kwanza kati yao, ukatoka mwepesi kama salamu.

Dawa iliondoka mwilini mwake kama mgeni aliyefukuzwa, ikipiga milango. Kila alipogeuza macho kwa haraka, kitu kama cheche ya umeme kilimpita kichwani. Alikuwa akitembea ukumbini mwa nyumba yake anayumba kama aliye melini. Aliota ndoto nzito na kuamka amelowa jasho, akamkaripia Kumail kwa kijiko kilichoanguka. Alisubiri.

Na siku ya Ashura, siku ambayo Imamu aliuawa, machozi yalikuja. Yalikuja kabla hajafungua kinywa. Fizza alilia, na ukumbi ukalia naye, mikono ikigonga vifua kama mvua nene juu ya bati, na alipoishiwa nguvu wanawake walimshika mabega wakamkalisha. Bi Kubra alimbusu paji la uso. Kulsumbai, kwenye kiti chake, alikuwa ameloa hadi kidevu, na mlemle ndani ya kilio chake uso uling'aa kwa fahari.

Lakini machozi hayakujua kwamba majlisi imekwisha. Yalimfuata nyumbani. Siku zilizofuata yalivuka Karbala yakaingia jikoni, yakaingia kitandani, yakamkuta akikunja nguo. Fizza alipoketi kuyatazama vizuri, aliyatambua. Hayakuwa ya Imamu Husein hata kidogo. Yalikuwa yale yale ya mwaka jana, yamevaa nyeusi tu.

Angeweza kulifungua kopo siku ile. Mtu aliye nje ya maji huona wepesi wa kumwambia anayezama ashike kamba. Yeye aliona haya. Aliwaza kwamba ameshaharibu, kwamba Leodegar atamgombeza, kwamba Kumail atajua alidanganywa. Na kadiri siku zilivyopita, hata haya ikafifia, ukabaki uchovu. Mwezi wa Safar, ule unaofuata Muharamu, ulipoandama alikuwa haogi mpaka aambiwe. Wazo moja lilianza kumtembelea, bila kelele, kama jirani anayepita kuazima chumvi: kwamba nyumba hii ingepumua vizuri zaidi bila yeye.

Siku moja Kumail alikuwa chini dukani. Kulsumbai alikuwa amesali adhuhuri akajinyoosha kidogo, na Fizza alikuwa jikoni na sufuria ya maziwa juu ya jiko la gesi. Maziwa yaliumuka, yakapanda, yakamwagika, yakauzima moto. Gesi ikaendelea kutoka kwa mlio mwembamba kama nyoka aliye mbali. Fizza alikuwa amesimama pale pale, mikono ikining'inia. Harufu ilijaa jikoni, ikaenea hadi ukumbini.

"Fizza!" Kulsumbai alitokea mlangoni bila mtandio, akijishikilia ukutani. "Husikii harufu?"

"Naisikia, Mama."

Kikongwe yule, ambaye kwa kawaida hukitafuta kiti kabla ya kufika kilipo, alivuka jikoni kwa hatua mbili. Akafunga gesi, akasukuma dirisha mpaka likagonga ukuta, akamkamata mkwewe mkono na kumvuta hadi barazani juu ya barabara, penye upepo na kelele za mashine za mbao. Akaketi sakafuni, akamketisha na Fizza.

"Unaisikia, na umesimama?"

"Sikuona kama ni jambo la kuinulia mkono."

Kulsumbai alihema. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Vile vidonge umeviacha."

"Nimeviacha."

"Tangu lini?"

"Tangu Muharamu." Kisha, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena ya kuficha, Fizza akasema, "Vilinikausha macho, Mama. Nilitaka nilie. Nyie wenyewe mlitaka nilie."

Chini, mtu alikuwa akimwita Kumail kwa sauti, akiulizia rangi ya mafuta.

"Ni kweli," alisema Kulsumbai. "Nilitaka. Nilikaa kiti cha mbele nikajivuna na machozi yako, kama mkufu niliokuvisha mie." Akageuza mikono yake ikatazama juu, mikono yenye mishipa iliyosimama na ngozi laini ya mtu aliyeshika maji maisha yake yote. Kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wanawake wanaoitwa kuosha maiti katika jamaa yao. "Mikono hii imeosha wanawake siwezi hata kuwakumbuka. Wakubwa, mabinti, wengine nimewalea. Sijawahi kukataa nikiitwa. Lakini wewe, dikri yangu, binti yangu, wewe sikuoshi. Umenielewa? Wewe ndiye wa kuniosha mie. Ndio utaratibu wake. Usinigeuzie."

Fizza alimwegemea begani, na Kulsumbai akakaa hivyo hivyo juu ya sakafu ngumu, magoti yakimuuma, hadi Kumail alipopanda ngazi akakuta nyumba ina harufu ya gesi na maziwa yaliyoungua.

Walikwenda Kinondoni wote watatu. Kumail alibaki kwenye benchi la nje kwa sababu Fizza aliomba aingie na mama mkwe. Leodegar alisikiliza habari yote: kidonge, uongo, cheche za kichwani, Ashura, maziwa. Hakugomba.

"Kwa nini hukurudi kuniambia?"

"Ningesemaje, daktari? Kwamba nimepona, naomba unirudishie machozi?"

"Ndiyo," alisema Leodegar. "Hivyo hivyo. Kwa baadhi ya watu dawa hizi hupunguza makali ya kila kitu, uchungu na utamu pia. Wewe si wa kwanza. Nina mzee mmoja aliyemzika mkewe na hakutoka hata chozi, akadhani hakumpenda. Ungeniambia, tungepunguza kidogo kidogo, au tungebadilisha dawa. Bado tunaweza, ila si leo. Leo umeanguka. Kwanza usimame."

"Na nikisimama na macho makavu?"

Leodegar alifikiri. "Huenda ikawa hivyo kwa muda. Sitakuahidi nisilolijua."

Kulsumbai alikuwa ameketi na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama aliyekuja dukani kununua kitu na hataondoka bila kukipata. Alimsubiri daktari amalize.

"Andika dawa, mwanangu," alisema. "Hayo macho tutayajua wenyewe."

Fizza alirudia kumeza. Hakumeza kwa imani, wala hakukipenda kidonge. Alikimeza kama mtu anayelipa nauli ya safari ambayo hajui atashukia wapi. Tumbo likachafuka tena. Kulsumbai hakumsimamia, ila kila asubuhi alikuwa na shughuli jikoni saa ile ile, akipangua vikombe vilivyokwisha kupangwa. Kumail aliambiwa habari ya uongo ule, akainama akikwangua rangi iliyoganda kwenye kucha. "Ungeniambia tu," alisema, "hata kama ni kunigombeza." Kisha akamwambia kwamba kuanzia sasa hatauliza kama amemeza, atauliza ameamkaje. Pole pole asubuhi zikaanza kuwa na kingo zake. Fizza alioga bila kuambiwa. Alimpigia mwanawe simu, na ni Fizza aliyemaliza salio kwa kuongea.

Kuelekea mwisho wa miezi ya huzuni, kabla ya siku ambayo watu huvua nguo nyeusi, Bi Kubra alipanda ngazi za nyumba ile akipumua kwa shida. Msomaji wa majlisi ya kufunga alikuwa hoi kwa homa.

"Nimekuja kwako," alisema. "Ashura ile uliyotusomea, watu wanaitaja mpaka leo."

Fizza alimwekea chai mbele. Alimtazama Kulsumbai, naye Kulsumbai akatazama chai.

"Nitasoma, Bi Kubra. Lakini nakwambia mapema, sitalia. Nameza dawa, na dawa imeniondolea chozi. Siku ya Ashura sikuwa namlilia Imamu. Nilikuwa naumwa."

Bi Kubra alibaki na kikombe nusu ya njia. "Dawa ya nini?"

"Ya sonona."

"Sasa watu..." Bi Kubra alitafuta maneno. "Msomaji asipolia, watu watafanyaje?"

"Watalia wao. Mie nitasoma."

Bi Kubra alikunywa chai yote, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwenye nyumba za watu. Akashukuru, akajifunga mtandio, akashuka ngazi taratibu kuliko alivyopanda. Hakusema ndiyo wala hapana, lakini siku ilipofika hapakuwa na msomaji mwingine aliyeitwa.

Fizza alichagua maombolezo ya jioni ya mahema. Ni kisa cha baada ya vita, wanaume wote wamekwisha kuuawa na mahema yameteketezwa, na Bibi Zainabu, dada yake Imamu, amebaki jangwani na wajane na watoto. Alianza kwa sauti ya chini. Aliposoma moto, wanawake walianza kutikisika. Aliposoma giza, kilio kilipanda. Miaka yote hapa ndipo sauti ilipomkatika, na wenzake walimpokea kwa kugonga vifua, na maombolezo yakaishia katika kelele. Beti zilizobaki alizijua kwa moyo tangu Lindi, ila hakuwahi kuzifikisha mbele ya watu. Nyanya yake hakuwa amezitunga ili ziachwe.

Safari hii sauti haikukatika. Fizza alisubiri mpaka kilio kilipopungua, akaendelea, na ukumbi ukanyamaza kwa mshangao kuona kwamba kuna mbele. Alisoma jinsi Bibi Zainabu alivyozunguka kati ya majivu akiwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, akimwinua huyu, akimfunika yule, akimfuta masizi mwingine kwa pindo la nguo yake. Jinsi alivyogundua kwamba mmoja hayupo, akatoka peke yake gizani kumtafuta. Jinsi alivyosimama ulinzi mpaka alfajiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusimama. Fizza alisikia maneno yale kama anayeyasikia kwa mara ya kwanza. Katika beti zote zile, neno chozi halikuwamo.

Alipomaliza hapakuwa na kelele. Wanawake walikuwa wanalia chini chini, kila mtu kwake, na wengine walitazama tu sakafu. Bi Kubra, kule nyuma, alikuwa ameegemea nguzo amefunga macho. Fizza alikwenda kuketi mkekani karibu na kiti cha mama mkwe wake. Moyo ulikuwa ukimpiga kwa nguvu, na hakujua aupe jina gani huo mpigo.

Boksi la tishu lilikuwa likipita mikononi, kutoka mstari hadi mstari. Lilipomfikia, Fizza alilishika kidogo, kisha bila kuchomoa kitu akamkabidhi Kulsumbai. Kulsumbai alichomoa mbili. Moja alijifutia. Ya pili aliikunja mara mbili, akaiweka juu ya goti la mkwewe, bila kumtazama.